Kijani Kisichopikwa

Usianze na vita. Ninyi wajukuu mkishika kalamu hupenda kuanza na vita, kana kwamba sisi wazee hatukuwa na maisha mengine. Anza na mama yako, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa amelala chumba cha ndani, na ilikuwa siku ya nne hajameza chochote isipokuwa matone ya maji. Andika hivyo hivyo: siku ya nne.

Alikuwa ametoka hospitali na vidonda mdomoni na kooni. Homa ilimwacha, vidonda vikabaki, vyeupe katikati na vyekundu pembezoni, mpaka chini ya ulimi. Uji ulimuunguza, mchuzi ulimuunguza, na hata mate yake mwenyewe aliyameza akiwa amefumba macho. Chupa ya maji ya mshipani walikuwa wameiondoa, kwa kuwa mishipa ya mikono yake yote miwili ilikuwa imejificha. Munganga aliyetuaga pale hospitali alizungumza nami mlangoni, mkono mmoja ukiwa tayari kwenye kitasa.

"Mama, vidonge tumeandika," akasema. "Lakini muntu asiyekunywa hana pahali pa kuweka dawa. Anywe. Kitu chochote. Kama haikunywa mpaka Ijumaa, mumurudishe, tutatafuta mushipa wa shingo."

Nilimwuliza kama mshipa wa shingo hupatikana kila mara. Akafungua mlango.

Mimi sikusoma, lakini nimezika watu wengi, na mwili wa mtu anayekauka naujua kama ninavyoujua mlango wangu. Ukivuta ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, kisha ukaiachia, haishuki upesi. Asubuhi ile niliivuta ngozi ya mama yako, nikaiachia, ikabaki imesimama. Nikamfunika. Sikukwambia.

Mkebe ulifika Jumanne, kwa ndege, mkobani mwa msafiri aliyefahamiana na mtu anayefahamiana na mama yako mdogo, yule aliye Kinshasa. Ulikuwa mkebe mdogo, haukuzidi ngumi. Ndani yake mlikuwa na unga wa kijani, laini kuliko poda, na ukijani wake ulikuwa mkali kama wa jani lililokatwa sasa hivi. Ulinisomea maneno yaliyokuwa juu yake. Ulisema ni majani ya chai ya Wajapani, yanasagwa mazima, yanaitwa matcha. Nikakuuliza kama Wajapani wana mihogo. Ukacheka. Mimi sikuwa nimeuliza ili nikuchekeshe.

Mama yako mdogo alikuwa amekutumia maelezo katika simu. Unga huo unachanganywa na matunda, maziwa na barafu, vyote vinasagwa katika mikseri, ile mashine yenye visu, mpaka kinywaji kinakuwa kizito na baridi. Baridi itaulaza ulimi, alisema, na mgonjwa atameza kabla vidonda havijaamka.

"Na moto unawekwa wakati gani?" nikauliza.

"Hakuna moto, Bibi. Hiyo njo uzuri yake."

"Kijani hakiingii mudomoni mwa muntu bila moto."

"Hii ni chai, Bibi, si sombe."

"Chai nayo inachemushwa."

Ulinitazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyelala katikati ya njia. Kisha ukaniambia nisiuguse mkebe, ukaenda kutafuta barafu, kwa kuwa siku ile umeme haukuwepo hapa Kindu, mtaa wetu wote wa Mikelenge, na ilikulazimu kwenda mpaka kwa wenye grupu, wale wanaowasha mashine zao za umeme kwa esansi.

Hukurudi upesi. Niliingia kumtazama mama yako mara tatu. Mara ya tatu midomo yake ilikuwa imeshikana, nikaitenganisha kwa pamba yenye maji. Nikarudi jikoni, nikaushika mkebe.

Sasa andika kosa langu kwa ukamilifu, usilipambe.

Sombe ni jani la muhogo. Mwanamke yeyote wa Maniema, hata yule asiyejua kuhesabu, anajua kwamba jani hilo likiliwa bichi linaua. Unalitwanga, unalichemsha, na maji ya kwanza unayamwaga, kwa sababu maji ya kwanza ndiyo yanayoondoka na ubaya. Kisha unalirudisha motoni mpaka harufu ya ubichi ikome. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na mama yangu, na hivyo ndivyo nilivyoufanyia unga wa Wajapani. Nilichota nusu ya mkebe, nikaitia katika sufuria juu ya mbabula yangu ya makaa, nikachemsha. Povu likapanda. Maji ya kwanza, yaliyokuwa ya kijani kizuri, niliyachuja kwa kitambaa, nikayamwaga nyuma ya nyumba. Nikatia maji mengine, nikachemsha tena mpaka rangi ikawa ya dimbwi. Chumvi sikutia, kwa ajili ya vidonda. Mawese nilitia, kwa kuwa mawese hulainisha koo.

Nikampelekea. Nilimwinua kichwa, nikamtilia kijiko. Kilikuwa bado cha moto kuliko nilivyodhani, na kilikuwa kichungu kama nyongo. Mama yako hakupiga kelele, kwa sababu sauti hakuwa nayo. Mwili wote ulijikunja, kijiko kikaanguka, na matope yale yakamtoka kidevuni pamoja na damu kidogo. Akanigeuzia mgongo, akakaza meno. Tangu saa ile hata pamba yenye maji aliikataa. Matone niliyokuwa nikimdondoshea kwa siku nne, nami niliyahesabu kuwa ndiyo uhai wake, niliyakomesha kwa mkono wangu mwenyewe.

Ulirudi na barafu katika mfuko wa nailoni, inadondoka.

"Bibi, mukebe iko wapi?"

"Iko pale pale."

"Mbona nyepesi?" Ukafungua. "Bibi. Ulipika?"

"Nilipika."

"Kama sombe?"

"Kama jani."

"Na maji yake?"

"Ya kwanza nilimwanga nyuma. Ya pili iko katika sufuria."

Ulikwenda ukatazama katika sufuria, ukaona mawese yanaelea juu. Ukaketi sakafuni kando ya mbabula, ukaanza kucheka, na kicheko kile kikageuka kuwa kitu kingine. Barafu ikawa maji mapajani mwako. Uliniuliza kwa nini, ukauliza mara ya pili, nami nikakujibu kwamba mtoto hamwulizi mkubwa kwa nini. Hilo halikuwa jibu. Jibu nalitoa leo, na hapa ndipo mahali pa vita, siyo mwanzoni.

Wakati ule mji ulikuwa na wenye silaha ndani yake, na msitu unaouzunguka ulikuwa na wenye silaha wengine. Ukienda shambani, wa ndani walisema unawapelekea chakula wa nje; ukirudi na kikapu, wa nje walisema unawalisha wa ndani. Mashamba yakaota majani, na watu wakafa njaa huku muhogo wao ukioza ardhini, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Reli ilinyamaza. Babu yako, aliyekuwa fundi wa reli, alikuwa amekwama Kibombo pamoja na treni yake, nasi hatukujua kama yu hai. Nyumba za mtaa wetu zilipochomwa, nilimchukua mama yako, aliyekuwa na miaka saba, nikamfunga mgongoni mdogo wake wa kiume, ambaye alikuwa hajafika miaka mitatu, tukaingia msituni kwa njia iendayo kijiji cha Tunda pamoja na watu kumi na mmoja.

Kundi lile lilikuwa na mwanamke mmoja mzee aliyetuongoza, na sheria zake zilikuwa tatu. Hakuna moto, kwa sababu moshi unaonekana. Hakuna kutwanga, kwa sababu mchi unasikika mbali. Hakuna kulia. Tulizishika. Tulikula ndizi mbichi, na tulikula matungulu, yale matunda mekundu ya msituni yenye maji ya uchachu, mpaka ndimi zikachubuka. Maziwa yangu yalikauka siku ya tano. Mdogo wake mama yako alianza kuharisha, kisha akaacha kulia bila ya kukatazwa, na hilo ndilo lililonitisha.

Siku ya tisa tulipita pembeni ya shamba lililoachwa. Hapakuwa na kitu isipokuwa majani machanga ya muhogo. Nilijua ni jani gani, usiandike kwamba sikujua. Lakini mtoto alikuwa amelegea begani mwangu kama kikwembe kilicholowa, nami nikajiambia kwamba maji ya kijito yanaweza kufanya kazi ya moto. Nikayasaga majani yale kati ya mawe mawili, polepole, bila sauti. Nikayaosha, nikayakamua katika pindo la kikwembe nilichojifunga. Nikayaosha tena, na tena. Nikakamua matungulu juu yake ili kuua uchungu, nikachanganya na maji baridi ya kijito. Kikawa kinywaji kizuri cha kutazama. Nikakigawa katika majani mawili yaliyokunjwa, moja la mama yako, moja la mdogo wake.

Mdogo alikunywa lote. Mama yako alilipeleka lake mdomoni, akakunja uso, akaenda nalo nyuma ya mti. Aliporudi jani lilikuwa tupu. Nilidhani ametema. Nilikuwa na hasira naye, kwa kuwa chakula hakitemwi.

Mtoto alilala mapajani mwangu. Baada ya muda akatapika, kisha akajinyoosha kama anayeamka, na pumzi yake ikawa na nafasi ndefu kati ya moja na nyingine. Mwanamke mzee aliniwekea kiganja chake mdomoni kabla sijajua kwamba nimefungua mdomo. Alikuwa ameujua msiba wangu kabla yangu. Tulimwosha kijitoni, tukamzika katika kikwembe kile kile nilichokamulia, kwa sababu sikuwa na kingine, na kabla ya sala ya alasiri tulikuwa tumekwisha kuondoka.

Je, lilikuwa jani, au kuharisha, au njaa? Mwanamke mzee alisema ni njaa. Munganga mmoja niliyemwuliza baada ya vita alisema haiwezekani kujua. Mimi nilichukua jibu moja nikakaa nalo: aliyekunywa alikufa, aliyetema aliishi. Mama yako nami hatukulizungumza jambo hilo hata siku moja. Ameolewa, amezaa, amekulea wewe, na kila mara alipopika sombe nilisimama nyuma yake kuhesabu muda, naye aliniacha nisimame.

Basi, rudi kwa mama yako, Alhamisi ile.

Ilikuwa siku ya sita. Katika mkebe vilibaki vijiko vitano, na Ijumaa ilikuwa kesho. Uliniuliza kama unaruhusiwa kujaribu. Nikakwambia tutakwenda wote wawili.

Jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, yule mjane wa Kikasai anayeuza maji ya matunda, ndiye mwenye grupu na mikseri. Habari ilikuwa imemfikia kabla yetu.

"Karibu, Mama," akasema. "Leo unaleta sombe kwa mashine yangu?"

"Naleta chai."

"Sisi Kasai tunakula matamba, hiyo sombe yenu, hatunywi. Nilisema, labda watu wa Kindu wamevumbua."

"Washa mashine yako, binti. Utanicheka mutoto wangu akishapona."

Akaacha kucheka. Akavuta kamba ya grupu mara nne, ikakohoa, ikashika.

Ulitaka kutia nanasi, kwa sababu katika picha ya simu kulikuwa na nanasi. Nikakataa. Nanasi linauma hata ulimi mzima, sembuse wenye vidonda. Embe nalo nikalikataa kwa uchachu wake. Nikachagua ndizi mbili zilizoiva mpaka ganda likawa jeusi, na nusu ya avoka, kwa kuwa hayo mawili hayana ugomvi na mtu. Ulikuwa unakwenda kuutupa unga ndani ya maji yote, nikaushika mkono wako. Unga wowote ukitupwa katika maji mengi hufanya madonge, uwe wa uji au wa Wajapani. Ukakoroga kijiko kimoja kwa maji kidogo ya uvuguvugu mpaka kikawa laini. Ukatia maziwa ya unga. Jirani akaifunga barafu katika kitambaa, akaiponda kwa mchi wa kinu, na ule mshindo ulinifanya nitazame barabarani, bado, baada ya miaka yote hii.

Mashine ilinguruma. Nilitumaini ndizi zingeififisha ile rangi. Avoka iliiongeza. Ulipomimina katika gilasi kilikuwa kijani kile kile, kizito, chenye povu jepesi juu, na gilasi ikatoka jasho kwa nje. Nilikwambia ukipeleke wewe, nami nikabaki mlangoni pa chumba.

Mama yako aliona rangi, akafumba macho, akakaza meno. Ulimbembeleza. Ulimwambia ni baridi, ni tamu, umeonja mwenyewe. Hakufungua. Kisha akasema kwa ile hewa iliyokuwa imebaki mahali pa sauti, "Mama aje."

Niliingia nikaketi kitandani. Wewe ulinipa gilasi, ukarudi nyuma mpaka ukutani, na uliyasikia tuliyosema, lakini wakati ule hukuwa na ufunguo wake.

"Ni bichi?" akaniuliza.

"Ni bichi."

"Na wewe njo umetengeneza?"

"Mimi na mutoto wako."

Alikaa akitazama gilasi. Kila neno lilimgharimu, na kati ya moja na jingine alipumzika.

"Sikutema," akasema.

Nikamwambia nyamaza, utaumia.

"Mama, sikutema. Alikuwa ananifuata nyuma ya muti. Alinyoosha mukono. Nilimupa ya kwangu."

Nimesikia mabomu, nimesikia nyumba yangu ikianguka kwa moto. Vyote hivyo vilikuwa vyepesi kuliko maneno yale. Kumbe mtoto wa miaka saba alitoka msituni akiamini kwamba amemwua mdogo wake, akaishi na imani hiyo pembeni yangu, jikoni kwangu, akitwanga na kuchemsha huku mimi nimesimama mgongoni kwake nahesabu muda. Alidhani nilikuwa namchunga yeye.

Sikumkumbatia. Sikulelewa hivyo, naye angeumia. Nilimwambia lililo kweli.

"Ulikuwa mutoto, na ulimupa mudogo wako chakula. Mukono uliosaga ni huu. Usiniibie."

Kwetu anayempa mtu kinywaji huanza yeye, ili anayepewa aone hakina kitu. Msituni sikuanza, kwa kuwa kilikuwa kidogo na sikutaka kuwapunguzia. Nikainua gilasi, nikanywa mafunda matatu makubwa mbele ya macho yake. Kilikuwa baridi mpaka meno yakauma. Kilikuwa na ladha ya ndizi mbele, na nyuma yake, wazi kabisa, ladha ya jani bichi. Nilimeza. Alinitazama koo linavyoshuka.

Kisha akafungua mdomo.

Nilimpa kwa kijiko kidogo cha chai. Cha kwanza kilibaki ulimini mpaka nikadhani atakirudisha, halafu kikashuka, na uso wake haukukunjamana. Cha pili kikashuka. Alipofika cha tisa aliinua mkono, kumaanisha basi, akalala.

Wewe ulitaka kufurahi, nikakutoa nje. Niliegemeza sikio langu karibu na pua yake nikasikiliza nafasi kati ya pumzi na pumzi. Adhuhuri ilipita nikiwa pale. Jirani alikuja akasimama mlangoni na mkono kinywani, akaondoka. Mara mbili nafasi ilirefuka nikamtikisa bega, na mara mbili alinisukuma. Sikuomba kwa maneno. Nilihesabu.

Alasiri ilipoadhiniwa alifumbua macho, akajilamba mdomo wa juu.

"Iko ingine?" akaniuliza.

Katika gilasi palikuwa na maji ya kijani yaliyotengana, na barafu ilikuwa imekwisha. Katika mkebe, vijiko vinne. Jirani alikuwa amezima grupu kwa kukosa esansi, na hakuna aliyejua kama usiku ule ungeleta umeme. Ndiyo maana nilikuita kwa ukali vile, nikakupa ndoo yenye mfuniko, nikakwambia uende mtaa wa Kasuku, mpaka mtoni kwa wauza samaki kama ni lazima, na usirudi bila barafu.